Msitu una mwenyewe, samaki je?

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Twende jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, tukazungumzie makalavati. Msicheke!

Kule samaki aina ya salmoni huzaliwa kwenye vijito, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga mayai. Vijito vingi vinapita kwenye misitu ya watu binafsi, na barabara za kusombea magogo zinavikatiza. Kalavati likiwa jembamba, maji yanakwenda kasi mno. Likining'inia juu ya kijito, samaki hafiki. Hapo mazalia yote ya juu yanakuwa yamefungwa.

Utayajuaje yalipo? Ndipo inapoingia teknolojia ya laida. Ndege inapita ikipiga miale ya leza, mingine inapenya kati ya majani mpaka chini, halafu kompyuta inaiondoa miti yote. Unabaki na sura ya ardhi tupu, barabara na vijito vinapokutana. Baada ya hapo lazima mtu aende kwa miguu akapime, maana picha ya angani haisemi kama samaki anapita.

Idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo imeweka ramani ya vizuizi kwenye intaneti, kila mtu anaiona. Wapo wanaohoji: msitu ni wangu, kwa nini mambo yangu yaanikwe? Hofu hiyo naielewa. Mwenye msitu mdogo anaona ramani leo, bili kesho. Lakini tangu 2003 jimbo lina mpango wa kuwalipia watu kama yeye asilimia 75 hadi 100 ya gharama.

Mimi nasema ramani ibaki wazi. Ukitengeneza kalavati lako wakati la jirani wa chini yako limeziba, samaki hakufikii na hela imepotea. Utajuaje kama la jirani ni siri?

Halafu samaki wana wenyewe wengine. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba makabila ya wenyeji yaliyosaini mikataba na serikali yana haki ya kuvua hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Nusu ya kitu kisichoweza kurudi kuzaliana ni nusu ya nini?

Tupiganie hela za kung'oa makalavati mabovu, siyo pazia la kuyafunika. Au nakosea? Semeni, wadau.