1,540,519 inagawanyika kwa ngapi?

Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Rukwa na watu 1,540,519. Namba hiyo imeandikwa kwenye ripoti, imesomwa kwenye hotuba, basi. Mimi nasema mahali pake hasa ni ubaoni, kidato cha kwanza, pale Sumbawanga, Laela na Namanyere. Na nyie wenzangu wa hisabati mtakaopangiwa huko kwenye mazoezi ya kufundisha ndo wa kuipeleka.

Mbona hiyo? Kwa sababu mazoezi tunayowapa watoto yanadekeza. Tafuta vigawo tasa vya 60, vya 84, vya 360: mwanafunzi anagawa kwa 2, kwa 3, mara kwa 5 au 7, kazi imeisha. Akizoea namba laini namna hiyo, anabaki na kanuni ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha: ikigoma mara tatu nne, andika "ni namba tasa", songa mbele.

Sasa mpe ya Rukwa. Inaishia na 9, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 25, kwa hiyo 3 haimo. Kwa 7 inabaki 1 (huyo mmoja anaudhi kweli). Kwa 11, 13, 17, 19, zote zina baki. Darasa litaanza kupiga kelele kwamba ni tasa. Hapo uliza: tumethibitisha, au tumechoka? Kipeuo chake cha pili kinazidi kidogo 1,241. Anayetaka kuiita tasa ajaribu tasa zote hadi hapo. Kumi na nne za mwanzo zinagoma. Ya kumi na tano, 47, inaingia: 47 × 32,777. Na 32,777 ni 73 × 449.

Hata wakubwa waliwahi kuharakisha. Fermat aliona 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa, akadhani inayofuata katika mtiririko ule, 4,294,967,297, nayo ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641. Na 641 hiyohiyo ni kigawo cha 61,741,120, idadi ya Watanzania wote katika sensa yetu. Sadfa tu, lakini darasa halitaisahau.

Najua mtasema muhtasari ni mrefu na darasa limejaa. Kujaa ndo kunasaidia: kila kundi lipewe tasa yake moja, kipindi kimoja kinatosha.

Muda ukibaki, toa mtu mmoja. Mvuvi wa Kasanga, tuseme, aliyelala ng'ambo Zambia usiku wa kuamkia 23 Agosti. Inakuwa 1,540,518, yaani 2 × 3 × 7 × 43 × 853. Hakuna kigawo tasa hata kimoja kilichobaki cha zamani. Waulize kwa nini namba mbili jirani hazichangii kigawo chochote zaidi ya 1, kisha nyamaza, uwasubiri.