Shokapu si Pambo

Hapa Tanzania, mtu akipata gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, iwe Land Rover 110 au Land Cruiser ya mfululizo wa 70, jambo la kwanza analolifanya ni kulivisha. Atafunga chuma kinene mbele, taa nne juu ya paa, ngazi nyuma, na honi ya kuamsha kijiji kizima. Ukimwuliza hali ya shokapu za mbele, atacheka. Kwake shokapu ni anasa ya watu wenye viuno vilaini. Nami nasema bila kumung'unya maneno kwamba mtu huyo ametengeneza pambo, hajatengeneza gari, na wale anaowapakia wamo katika hatari ambayo hawakuambiwa.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Watu wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Anayebeba uzito ni springi. Gurudumu likipanda jiwe springi hubonyea, na nguvu ile iliyobonyea haipotei, bali hutaka kurudi. Ikiachwa peke yake itarudi kwa kishindo, ibonyee tena, irudi tena, na gari lizidi kuchezacheza. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili ipite katika vitundu vyembamba, na kwa kupita kwa shida hivyo, ile nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiigusa shokapu nzima baada ya safari ya vumbi utaikuta ina moto. Iliyo baridi wakati mwenzake amechemka, hiyo imekwisha kufa.

Sasa fikiri juu ya magari haya ya zamani. Mbele yana ekseli nzima ya chuma iliyobeba difu, breki na magurudumu mawili mazito. Mzigo wote huo hupanda na kushuka kwa kila tuta. Yeyote aliyewahi kupita njia ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron anavijua vile vijituta vya mfululizo, vilivyopangana kama bati la nyumba. Shokapu ikiwa imechoka, tairi halifuati ardhi, hurukia kilele kimoja hadi kingine. Na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Unaweza kukanyaga pedeli mpaka ifike sakafuni, lakini huwezi kuushika mchanga usioukanyaga. Ukifunga breki uzito wa gari huhamia mbele, kwa hiyo ni magurudumu ya mbele hasa unayoyategemea kukuokoa. Huyo ndiye mlinzi unayemwacha alale.

Wapo watakaonijibu kwamba magari haya ni ya chuma cha zamani, hayahitaji kubembelezwa. Hoja hii ni ya kishujaa, lakini haina miguu. Land Rover ya kwanza ya 1948 ilitoka kiwandani na shokapu zake. Mababu wa chuma cha zamani hawakuziweka kwa kubembeleza mtu.

Wengine watasema lawama ni ya barabara, si ya gari. Ni kweli kwamba barabara zetu nyingi ni mbovu, na mwenye dhamana ya barabara ana lake la kujibu. Lakini ubovu wa barabara ndio sababu ya kuweka shokapu imara, hauwezi kuwa udhuru wa kuziacha zife. Mtu anayeishi kwenye mvua nyingi haezeki nyumba yake kwa matundu.

Kundi la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linajiita la wataalamu. Nimewaona mafundi wanaotoboa shokapu iliyovuja, wakaijaza oili ya injini, wakaziba tundu kwa kuchomelea, kisha wakamkabidhi mwenye gari kana kwamba wamemponya. Oili ile siyo iliyokusudiwa, sili iliyovujisha ni ile ile, na vali zilizolika zimebaki zimelika. Isitoshe, shokapu nyingi za siku hizi zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ili oili isifanye povu, na kuitia moto shokapu ya namna hiyo ni kucheza na kifo.

Na upande wa pili wapo wauzaji wanaokuambia kwamba kuboresha maana yake ni kuinua. Nunua ndefu, nunua nene, gari liwe juu! Huu nao ni udanganyifu. Kuinua gari kwa inchi 2 si kazi ya shokapu, ni kazi ya springi, na kunaleta madai yake. Mipira ya breki huvutika, pembe za shafti hubadilika, usukani hupoteza ile tabia yake ya kujirudisha katikati, na gari huwa jepesi kupinduka. Tena shokapu ndefu kupita kiasi hufika mwisho wake kabla ekseli haijagusa mpira wa kuizuia, na hapo pigo lote huingia kwenye vishikizo vyake. Nguo ya kuazima hukaza begani.

Basi kuboresha ni nini? Ni kuchagua shokapu inayolingana na springi ulizo nazo na mzigo unaobeba siku zote, si ule wa kujisifia. Ni kubadili mbili za mbele kwa pamoja, kwani moja mpya na moja iliyochoka hulifanya gari livute upande. Kwa gari la vijijini linaloshinda kwenye vumbi na joto, ni kutafuta yenye mwili mpana na oili nyingi, isichoke upesi kwa kuchemka. Kwenye Land Rover 110 shokapu ya mbele imesimama ndani ya springi ya mviringo, imeshikwa juu na mnara wa chuma wenye nati nne. Nati hizo hushikana kwa kutu. Fundi mwenye subira huzilowesha kwa mafuta tangu jana yake, na hununua pete mpya ya boliti kabla hajaanza. Raba za juu na chini hubadilishwa zote, hazirudishwi kuukuu kwenye shokapu mpya.

Wala usidanganywe na mtindo wa kusukuma boneti na kuhesabu mara ngapi gari linacheza. Springi za mabamba, kama zilivyo mbele ya Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 za kabla ya 1999, zina msuguano wake zenyewe, na zinaweza kulifanya gari litulie hata kama shokapu ni maiti. Tazama oili inayotiririka kwenye mwili wake, raba zilizopasuka, na tairi lililolika kwa mabonde mabonde.

Haya yote yana gharama, sikatai. Lakini chuma kile cha mbele, taa zile nne na honi ile navyo havikuokotwa. Fedha ilikuwepo, ilitumika kununua macho ya watu. Na gari la namna hii huko kwetu si la mtu mmoja. Usiku mtu akigonga mlango kwa sababu mkewe ameshikwa na uchungu, ndilo litakaloshuka mlimani na mama yule nyuma. Aliyempakia amepokea amana. Amana hailindwi kwa taa za juu ya paa, inalindwa na tairi lililoshika ardhi pale kwenye kona, wakati breki inapohitajika.

Ndugu yangu mwenye gari, lala chali chini ya ekseli yako ya mbele kabla hujaenda tena dukani kununua urembo. Utakachokiona huko ndicho abiria wako wanachokipanda.