Sikukuu Imebaki, Hesabu Yapotea



Kila mwezi wa Julai watu humiminika Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kushuhudia Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na ngoma hurindima. Ni furaha halali kabisa. Hata hivyo, twahofu kwamba katika umati ule ni wachache wajuao siku hiyo ni ya kwanza katika hesabu gani. Tumeitunza sikukuu, tukaiacha hesabu iliyoizaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi kwa jina lenye asili ya Uajemi, ndiyo mwanzo. Kutoka hapo siku huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi ni muongo mmoja. Miongo 36 hufanya siku 360; zikiongezwa 5, mwaka hutimia siku 365. Aliyetaja muongo wa kumi alimaanisha siku ya 91 hadi ya 100, wala hakuhitaji jina la mwezi. Leo watoto wetu hulitumia neno hilo hilo kwa maana ya miaka kumi, bila kujua kwamba lilihesabu pia siku.

Kwa nini wazee wa pwani walihitaji hesabu hii ilhali walikuwa na kalenda ya Kiislamu? Kwa sababu mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Mwezi mwandamo humwelekeza muumini katika ibada, lakini haumwambii mkulima masika yatakuja lini, wala nahodha lini kaskazi itaipisha kusi. Misimu hufuata jua. Basi wazee wakashika hesabu mbili, moja ya ibada na nyingine ya kazi, na zote zikakaa nyumba moja bila ugomvi. Hapo twaona hekima kubwa.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hiyo ina kasoro, na ni kweli. Mwaka wa jua una siku 365 na takriban saa 5 na dakika 48. Pasipo siku ya nyongeza, Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja karibu kila baada ya miaka minne. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana Zanzibar, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1870 kwamba siku hiyo iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi huiadhimisha Julai.

Lakini je, kasoro ni sababu ya kuitupa hesabu? Kalenda aliyoiacha Julius Caesar nayo ilikuwa na kasoro: mwaka wake ulizidi kwa takriban dakika 11. Kufikia karne ya 16, siku ya usawa wa mchana na usiku, ambayo Pasaka huitegemea, ilikuwa imesogea siku 10. Papa Gregori XIII hakuifuta kalenda, aliisahihisha. Mwaka 1582, tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na tarehe 15 Oktoba, na utaratibu wa miaka mirefu ukarekebishwa. Kosa la hesabu dawa yake ni kuhesabu vema zaidi.

Wengine watasema kwamba simu yatosha kutupa tarehe. Yatosha kwa miadi na kwa mshahara. Lakini tarehe ni namba tu, ilhali katika miongo wazee waliweka maarifa: upepo, mvua, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuta chombo pwani. Maarifa hayo yaliishi vinywani mwa watu, na vinywa hivyo vinanyamaza mmoja baada ya mwingine.

Wala tusijitenge kwa kusema, "Hayo si ya Wakristo." Jua halina dhehebu, na mvua hunyesha katika mashamba yote.

Tunawasihi, basi, ninyi vijana na walimu, hasa mnaoishi pwani: chukueni daftari, muwaendee wazee kwa heshima, mwaulize muongo upi ulileta nini, kisha mwandike. Ngoma ya Makunduchi itapigwa mwakani. Wa kutufundisha kuhesabu huenda asiwepo.