Fataki za uani ziuzwe na maelezo ya Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Kila mwisho wa mwaka polisi hutukumbusha kwamba kupiga fataki bila kibali ni kosa. Onyo hilo ni la haki, lakini linamkuta mtu boksi likiwa limeshafika nyumbani na watoto wameshaliona. Aliyemuuzia hakumwambia lolote. Fataki nyingi tunazouziwa hutengenezwa China, na maelezo yake ni ya Kichina au Kiingereza cha herufi ndogo, pembeni mwa picha ya nyota za rangi. Naomba wanaotoa vibali vya kuingiza na kuuza bidhaa hii waweke sharti: pasipo maelezo ya Kiswahili, isiuzwe.

Chukua suala la umbali peke yake. Huko Uingereza, fataki za kupiga nyumbani huwa na madaraja, na kwa kawaida maboksi huandikwa watazamaji wakae mita 8 kwa zile ndogo na mita 25 kwa zile kubwa. Sasa pima kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ambacho wengi wetu tunakijua. Kutoka kona hadi kona ni mita 28 tu, na hapo hujajenga nyumba, hujachimba choo, hujapanda mwembe. Kwa hiyo boksi kubwa halina uwanja wa kupigiwa katika ua wa namna hiyo, hata mwenye nyumba awe mwangalifu kiasi gani. Mnunuzi anayeisoma namba hiyo dukani atachagua boksi dogo, au atatafuta uwanja wa mpira. Asiyeisoma atawapanga wageni barazani, hatua tano kutoka kwenye moto.

Wapo watakaosema mtu mzima ana akili zake, hahitaji kufundishwa kuwasha kiberiti. Tatizo ni kwamba kwenye fataki akili ya kawaida hutuponza. Utambi ukiungua kisha kimya kikatanda, kila mtu hutamani kwenda kuinama achungulie ndani ya bomba, na uso unakuwa juu kabisa ya mdomo wa baruti ambayo huenda bado inafuka. Kanuni inasema kinyume: usiirudie, usiiwashe tena, iache muda mrefu, halafu imwagiwe maji mengi. Roketi nayo watu huichomeka kwenye chupa ya soda. Chupa ikilala, roketi inaelekea kwa watu au kwenye paa la makuti la jirani. Bomba lililozikwa imara kwenye mchanga lingetosha. Boksi lenye mabomba mengi lisipoegemezewa matofali pande zote huweza kupinduka katikati ya milio, na linaendelea kufyatua kwa ubavu.

Vile vijiti vinavyometameta ndivyo vinavyonisikitisha zaidi, maana tunavihesabu kuwa vya watoto. Joto lake hupita nyuzi 1,000, wakati maji huchemka kwa 100. Tunampa kijiti mtoto aliyevaa gauni jepesi, na kikizimika anakitupa chini, palepale wenzake wanapokimbia pekupeku. Ndoo ya maji ya kuvichovya ni jambo dogo mno, lakini lazima mtu aambiwe.

Wengine watapendekeza marufuku kamili. Bunge la Uholanzi lilipitisha sheria inayokaribia hapo mwaka 2025, na siwezi kusema walikosea. Ila wao wameifikia baada ya miaka mingi ya kupima, kuweka madaraja na kudhibiti mauzo. Sisi tukianzia kwenye marufuku, nahofia boksi litauzwa chini ya meza, na hapo hata tarehe yake ya kutengenezwa hutaiona.

Kuhusu gharama, karatasi moja iliyochapwa pande mbili inatosha kubeba umbali, ndoo, matofali na onyo la kutoinama. Waagizaji wana miezi kadhaa kabla ya Desemba kuiandaa, na wakaguzi wanaweza kuitafuta ndani ya boksi kabla mzigo haujatoka bandarini.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam