Asiyefika Naye Amepiga Kura

Mnamo Februari 27, 2019, mswada wa kutimiza sharti la thuluthi mbili ya jinsia ulirudi katika Bunge la Kitaifa la Kenya. Ulihitaji kura 233. Wabunge waliokuwamo ukumbini walikuwa 174. Mswada ukaanguka kwa kukosa akidi, na waliokaa nje hawakulazimika kutoa sababu yoyote.

Hoja yetu ni hii: msimamo wa mtunga sheria kuhusu usawa tuutafute katika anachokikimbilia na anachokikwepa. Hotuba za Machi 8, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, hazitutoshi.

Katiba ya 2010 inasema hakuna jinsia itakayozidi thuluthi mbili katika chombo cha kuchaguliwa. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ililipa Bunge muda hadi Agosti 27, 2015. Muda ukayoyoma. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, lakini halikuvunjwa. Mwaka 2022 wanawake walipata takriban kiti kimoja kati ya kila viti 10 vya maeneobunge.

Lakini Bunge hilohilo halikosi nguvu linapotaka. Machi 2014, wakati wa mjadala wa Mswada wa Ndoa, wabunge wanaume walikiondoa kipengele kilichompa mke sauti kabla mumewe hajaoa mwingine. Wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Agosti 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliamriwa atoke kwa kuwa alikuwa amembeba mwanawe mchanga.

Katika afya ya uzazi, ukwepaji wa Bunge una majeruhi. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaruhusu kutoa mimba iwapo maisha au afya ya mama iko hatarini. Mswada wa Seneta Susan Kihika wa 2019, uliokusudia kuweka utaratibu wa huduma za uzazi, haukufika kuwa sheria. Daktari ameachwa kati ya Katiba inayomruhusu na Kanuni ya Adhabu inayomtisha, na mgonjwa yuko kitandani akisubiri.

Kwa wapenzi wa jinsia moja, baadhi ya wabunge hawakukawia. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwanyima usajili wa shirika lao ni ubaguzi. Mwaka huohuo Mbunge Peter Kaluma aliandaa mswada wa kuzidisha adhabu ya mahusiano yao, ilhali sheria iliyopo tayari ina kifungo cha hadi miaka 14.

Wabunge watajibu kwamba wanafuata matakwa ya wananchi. Basi wakumbuke kwamba Katiba hii ilipitishwa na wapiga kura zaidi ya milioni 6. Mwakilishi ana haki ya kuipinga hadharani, kwa hoja na kwa jina lake. Hana haki ya kuiua kwa kutofika.

Kwa hiyo tunadai jambo moja: kila mswada wa Katiba unapokosa akidi, majina ya wasiokuwapo yatangazwe siku hiyohiyo, eneobunge kwa eneobunge. Anayeomba kura mwaka 2027 aulizwe alikuwa wapi, na aulizwe mbele ya mabinti wa kijiji chake.