Jeep Mia Tano za Lami

Mwaka 2021 wabunge wetu wa taifa hapa Kongo, wote 500, walitunukiwa magari. Ni Hyundai Palisade, moja kwa kila mmoja, na Spika wa wakati huo, Christophe Mboso, alisema ni zawadi ya Rais Félix Tshisekedi. Nchi ilipiga kelele. Kuna walioita hongo, malipo ya kujiunga na Union sacrée, muungano wa Rais. Kuna waliokumbusha kwamba mwaka huohuo volkano ya Nyiragongo iliwatoa watu wa Goma majumbani mwao. Waseme, wana haki. Mimi nina ugomvi mwingine, nao ni na gari lenyewe. Aliyelichagua hakulifikiria eneo letu la Fizi, Kivu Kusini, hata dakika moja. Palisade haiwezi kumtoa mbunge Uvira katikati ya kipindi cha mvua, ikamfikisha Swima na kumrudisha salama. Na mbunge asiyefika Swima hajui anachokipigia kura.

Tusilionee gari. Palisade ilizinduliwa Los Angeles mwishoni mwa 2018, na walioibuni walikuwa wakiwatazama Wamarekani wenye watoto wengi na barabara nzuri. Ina urefu wa karibu mita tano na upana wa karibu mita mbili. Viti vimepangwa safu tatu. Watu saba au wanane hukaa wote wakitazama mbele, kila mmoja na mkanda wake, na katika matoleo ya bei ya juu kiti ni cha ngozi, chenye kupuliza hewa ya baridi mgongoni. Injini yake ya petroli, lita 3.8 na silinda sita, hutoa nguvu-farasi zipatazo 290. Kwa anayekwenda kazini Gombe asubuhi na kukaa saa mbili kwenye msongamano, sioni cha kulaumu.

Sasa weka kando yake Land Cruiser ya muundo wa 78, ile ndefu yenye benchi mbili nyuma, ambayo watoto wa mji wa Baraka huitambua kwa mlio kabla haijakata kona. Ukoo wake ulianza mwaka 1984 na haujabadilika sana. Injini ya 1HZ ni ya mazutu, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na nguvu-farasi zake ni 130 hivi: chini ya nusu ya zile za Palisade. Upana wake haufiki mita 1.8. Abiria wa nyuma hutazamana, magoti yanagongana, na kila shimo linapita kwenye uti wa mgongo. Ukisoma namba hizi mezani, mashindano yamekwisha na Land imeshindwa.

Lakini tutoke mezani. Palisade ya petroli hufikia kilele cha msokoto wake injini ikizunguka mara 5,200 kwa dakika. Ile 1HZ hukifikia kwenye 2,000 na ushei. Maana yake kwa shofa ni hii: kwa Palisade lazima akanyage mpaka injini ilie ndipo gari livute, na kwa Land anaachia klachi polepole, gari linatambaa lenyewe. Kwenye utelezi, kukanyaga ndiko kunakochimba shimo chini ya tairi. Land ina ile gia ndogo ya pembeni, inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kupanda. Palisade haina, hata ile inayozungusha magurudumu yote manne.

Halafu kuna tumbo la gari. La Palisade liko sentimita 20 kutoka ardhini, la Land limelizidi kwa tatu au nne tu. Tofauti ndogo, utasema. Basi inama uangalie kilichopo. Land imekalia fremu ya chuma, na ekseli zake ni chuma kitupu. Jiwe likigonga hapo, ni jiwe linaloumia. Palisade imejengwa bodi na fremu kitu kimoja, na huko chini kumefunikwa plastiki. Bampa lake la mbele limeshuka, likikutana na ukingo wa mtaro litaingia kabla ya tairi.

Na barabara tunayoizungumzia ni ipi? Ni ya taifa namba 5, ile inayotoka Lubumbashi, ikapita Kalemie na kuja kuishia Bukavu. Kati ya Uvira na Baraka ni kama kilomita 90, ziwa upande mmoja na milima upande mwingine, na Swima iko hapo katikati, kwa wavuvi wa ndakala na mikebuka. Mvua ikinyesha milimani, mito hushuka na mawe yake, na daraja lililokuwepo jana leo halipo. Aprili 2020 mto Mulongwe uliivamia Uvira usiku na kuua makumi ya watu. Mwaka 2021 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kumeza nyumba za kandoni. Wanaopita njia hii ni Fuso za mizigo, pikipiki, na Land za mashirika zinazokwenda kambi ya wakimbizi wa Kirundi, Lusenda. Shirika la wakimbizi HCR na madaktari wa MSF wangeweza kununua gari lolote wanalotaka duniani. Walinunua Land, na sidhani kwamba wao hawapendi kiti laini.

Tena gari likiharibika? Pampu ya mazutu ya 1HZ haiendeshwi na kompyuta. Fundi wa Baraka anaifungua, anaisafisha, anairudisha, na kipuri kikikosekana kinaagizwa Bujumbura au Dar es Salaam. Palisade ikiwasha taa ya onyo pale Mboko, nani ana mashine ya kuisoma? Itavutwa na Fuso mpaka Uvira, na huko nako itafunikwa turubai.

Watetezi wa zawadi wana maneno yao, nayo tuyasikie. Mbunge ni taasisi, wanasema, haifai agombanie pikipiki na wauza samaki. Sawa. Mabunge yaliyotangulia nayo yalisaidiwa kupata magari. Sawa. Land Cruiser mpya ni ghali, na benchi zake ni mateso kwa mtu mzima. Hilo la benchi silipingi, nimezikalia.

Lakini hata tukisamehe matope, fundi na bampa, linabaki jambo moja ambalo hakuna mtetezi anayeligusa. Palisade hizo haziwezi hata kuiona Uvira. Kutoka Kinshasa mpaka Fizi ni kama kilomita 1,500 kwa njia ya ndege, na kwa ardhi hakuna barabara ya kueleweka inayoziunganisha. Tumfuate basi mheshimiwa wa 2021. Katiba imempa vikao viwili vya kawaida kwa mwaka: kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Miezi sita. Sita iliyobaki ni ya kurudi kwa waliomchagua, kuwasikiliza na kuwaeleza. Kikao kinafungwa. Anaiacha Palisade uani Ngaliema, anapanda ndege mpaka Bukavu au Bujumbura, anateremka Uvira. Hapo anahitaji gari, na gari lake liko upande wa pili wa nchi. Anafanya nini? Anakodi Land. Asipoipata, anaishia hotelini Uvira, anawaita wazee wa Swima wamfuate, nao wanakuja kwa mtumbwi au kwa pikipiki kwa fedha zao wenyewe.

Kwa hiyo tuseme wazi kilichonunuliwa. Ni usafiri wa miezi sita ya mji mmoja. Ile miezi ambayo mbunge angekuwa na kazi na sisi haikuwekewa hata tairi. Na Swima ndiyo nafuu! Fizi ina sekta nne, na hii yetu ya Tanganyika ina bahati ya kuwa kando ya barabara ya taifa. Nenda Lulenge. Nenda Ngandja. Eneo zima linapita kilomita za mraba 15,000, na sehemu kubwa yake pikipiki yenyewe hupita ikisukumwa. Mtu aliyekaa ofisini akaandika oda ya magari 500, muundo mmoja, kana kwamba majimbo yote ya uchaguzi yamepangwa foleni kwenye Boulevard du 30 Juin, alikuwa na ramani gani ukutani?

Wakenya mwaka 2013 waliwapa wabunge wao ruzuku ya shilingi milioni tano kila mmoja ya kununulia gari, na wananchi wao walinung'unika kama sisi. Lakini angalau mbunge wa Turkana aliweza kununua gari la Turkana, na wa Mombasa la Mombasa. Zawadi yetu haikuacha nafasi hiyo. Mbunge wa Fizi na mbunge wa Lukunga, pale Kinshasa, walipewa funguo zilezile, kwa sababu yule aliyetoa alitaka kuona magari yamejipanga sawasawa siku ya kukabidhi. Picha ilitoka nzuri. Wangepewa Land moja kwa kila eneo, ikakaa hukohuko Baraka au Fizi kituoni, ikamhudumia yeyote aliyechaguliwa leo na atakayechaguliwa kesho, siku za katikati ikabeba mama mwenye uchungu kumpeleka hospitali, nisingeandika hata mstari mmoja.

Usiniambie tena kuhusu viti. Kiti kizuri kuliko vyote hakina faida kwangu kama anayekikalia hafiki. Wabunge hudaiwa ripoti ya likizo kila wanaporudi Kinshasa, na kwa safari hii naomba iongezwe mistari miwili: gari lililotumika, na mahali lilipokwama.