Haskell na Orodha ya Mchanganyiko: Vipe Vitu Majina

Kila anayetoka Python akaingia Haskell huuliza swali hili mapema: mbona siwezi kuweka nambari, jina na tarehe kwenye orodha moja? Kompaila inakataa katakata, naye anaanza kutafuta ujanja. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi ujanja hauhitajiki.

Chukua mfano wa chama. Mweka hazina anapokea michango ya mwezi: wengine taslimu, wengine M-Pesa, wachache hundi. M-Pesa ina nambari ya muamala. Hundi ina jina la benki, na pesa zake si pesa mpaka benki ikubali. Vitu vitatu tofauti, lakini tunavitaka kwenye orodha moja tupate jumla.

Njia ya kwanza ni Data.Dynamic. Unatia kila kitu kwenye mfuko, kisha ukikitoa unauliza ni cha aina gani. Ni kama kurudi Python kwa mlango wa nyuma.

Njia ya pili ni HList, iliyoelezwa na Oleg Kiselyov, Ralf Lämmel na Keean Schupke mwaka 2004. Hapa aina ya kila kitu inaandikwa ndani ya aina ya orodha yenyewe. Kazi safi sana, lakini inafaa pale unapojua mapema orodha ina vitu gani na kwa mpangilio upi. Michango ya chama haina mpangilio huo.

Njia ya tatu ni ya kawaida kabisa:

data Mchango = Taslimu Int
             | MPesa Int String
             | Hundi Int String

Sasa orodha yako ni [Mchango]. Basi!

Kwa nini naipenda hii? Tuseme mwakani chama kinaanza kupokea pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Unaongeza mstari mmoja, unakompaili kwa -Wall, na GHC inakuonyesha kila mahali ulipochambua michango bila kufikiria aina hii mpya. (Ila ukiweka alama ya _ kushika "mengine yote", umeifunga kompaila mdomo.) Kwa Dynamic, mchango mpya ungeweza kurukwa kimyakimya, jumla ipungue, na mweka hazina asimame mbele ya wanachama kueleza pesa zilikoenda. Vyama vimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Utaniuliza: je, kama watu wengine wanataka kuongeza aina zao bila kugusa faili yangu? Hapo ni haki kuficha aina na kubakisha kile inachoweza kufanya tu, ambacho Haskell inakiita aina za "existential". Lakini kuna bei. Philip Wadler alilipa tatizo hili jina, "expression problem", mwaka 1998: ukirahisisha kuongeza aina mpya, unafanya iwe vigumu kuongeza kazi mpya, na kinyume chake pia ni kweli.

Kwa hivyo jiulize ni nini kitakachoongezeka. Chama hudai ripoti mpya kila mkutano. Njia mpya ya kulipa huja mara moja kwa miaka. Wewe programu yako inakua upande gani?